Nyumba kumi zilizomezwa na maegesho: kisa cha ploti moja Mamboleo

Ploti yenyewe ni futi hamsini kwa mia, kama zilivyo nyingi ukiiacha barabara kuu ya Kisumu kwenda Kakamega na kuingia ndani Mamboleo. Kwa mita ni kumi na tano na ushee kwa thelathini na nusu, yaani mita za mraba 464. Mwenyewe ni mwalimu mstaafu. Aliinunua na nduguze wawili zamani, wakati mahindi bado yalikuwa yakiota katikati ya nyumba. Mwaka 2021 alikuja kwangu na bahasha ya kaki: hati ya ardhi, barua ya mkopo wa Sacco, na karatasi ya daftari la hesabu aliyochorea jengo lake kwa rula na penseli.

Kazi yangu ni kuchora ramani za majengo. Za jengo lile ninazo mbili kabatini, ile aliyoitaka Mwalimu na ile iliyojengwa. Ya kwanza ina nyumba 18. Ya pili ina nyumba nane. Ardhi ni ile ile, pesa ni zile zile, fundi ni yule yule. Kilichobadilika ni mstari mmoja kwenye barua, uliosema magari yatalala wapi. Nyumba kumi zilizopotea hapo katikati ndizo nataka kuzieleza, maana zilipotea kihalali kabisa na hakuna aliyezililia.

Alichotaka Mwalimu hakikuwa kigumu. Orofa ya chini na mbili juu yake, kila orofa nyumba sita, kila nyumba na sebule, chumba kimoja cha kulala, jiko la kusimama mtu mmoja na choo cha ndani. Mita za mraba 34 kila moja. Kodi aliyoipangia ni 8,000 kwa mwezi, na hakuitoa hewani. Alikuwa amewauliza watu: kijana anayeshona viatu stendi, wasichana wawili wa saluni, muuguzi aliyetoka chuoni juzi, kondakta wa matatu za Kakamega. Pale kwenye kona ya ploti pana mama anayeuza sukuma, osuga na mrenda, na jioni hukaanga omena. Kila tulipokwenda na utepe wa kupimia alituletea viti vyake viwili vya plastiki, na kila mara alisema neno moja: "Mwalimu, mimi unihifadhie ya chini. Magoti yangu na ngazi hayaelewani." Mwalimu aliliandika ombi lake. Nyumba namba mbili, upande wa mbele, hatua chache kutoka kwenye kibanda chake.

Michoro ikaenda kuombewa kibali, ikarudi na masharti. Mengi yalikuwa ya haki na tuliyatimiza bila kunung'unika: shimo la maji taka lisogezwe, mfereji wa mvua uelekezwe barabarani, ngazi ziongezwe dirisha. Sharti la sita lilisema: maegesho, nafasi moja kwa kila nyumba, ndani ya ploti.

Mwalimu alilisoma mara mbili, akavua miwani. "Mwanangu, gari la nani? Mpangaji wangu hana hata baiskeli."

Gari moja linakula kiasi gani

Mtu akisikia nafasi moja ya gari huwazia mstatili uliopakwa rangi nyeupe. Mstatili huo ni mita 2.5 kwa 5, jumla mita za mraba 12.5, na kama ingekuwa hivyo tu tungebanana tukamaliza. Lakini gari haliwekwi kwa mkono kama sanduku. Linahitaji njia ya kuingilia na mahali pa kukata kona, karibu mita sita nyuma yake. Njia hiyo ukiyagawia magari mawili yanayotazamana, kila moja linabeba mita za mraba 7.5 zaidi. Ongeza geti, kona, nguzo, na ile sehemu ya mwisho ambako gari la mwisho haliwezi kugeuka, unafika 25. Kwa ploti nyembamba kama ile, 25 ni hesabu ya mtu mwenye matumaini.

Sasa zidisha. Nafasi 18 mara 25 ni mita za mraba 450. Ploti nzima, kutoka ua hadi ua, ni 464. Ili nyumba 18 za watu wasio na gari ziruhusiwe, ilibidi ardhi karibu yote iwe uwanja wa magari. Familia ingepata mita 34 za kulala, kupika na kusomeshea watoto. Gari ambalo halijanunuliwa lingepata 25.

Tulijaribu kila njia. Kuyaficha magari chini ya ardhi hakukuwezekana, kwani pale Mamboleo huchimbi sana kabla ya kukutana na mwamba, na kuupasua kwa kompresa ni pesa nyingine kabisa. (Wanaojenga Nyamasaria na kuelekea uwanda wa Kano hawana afadhali. Huko ni udongo mweusi, unaovimba ukinyeshewa na kupasuka jua likiwaka, na maji ya mafuriko yanajua njia zake. Shimo la magari huko ni kisima.) Kununua ploti ya jirani hakukuwezekana, jirani hauzi. Ikabaki njia inayotumiwa na wengi mjini: jengo liinuliwe juu ya nguzo, magari yalale chini yake.

Hapa nakaa kidogo, kwa kuwa ndipo pesa zinapopotelea na mwenye ploti huwa haoni. Nyumba ndogo hujengwa kwa vyumba vya mita tatu, tatu na nusu. Nguzo hufuata kuta, zinashuka moja kwa moja kutoka paa hadi msingi, na uzito unapita humo kama maji kwenye bomba lililonyooka. Gari halitaki hivyo. Linataka mita tano bila nguzo, ili mawili yakae bega kwa bega na milango ifunguke. Kwa hiyo nguzo ya juu ikifika chini haimkuti mwenzake. Inasimama juu ya bimu, na bimu hiyo lazima ibebe orofa zote mbili na kuupeleka uzito pembeni. Injinia wetu alitoka kwenye bimu za kina cha sentimita 45 akaenda 75. Vyuma vikapanda kutoka D16, yaani vya unene wa milimita 16, hadi D25, misingi ikapanuka. Siku tulipofungua mbao za bimu ya kwanza fundi mkuu alisimama chini yake, akaipiga kwa kiganja kama mtu anayempima ng'ombe mnadani, akasema, "Hapa tumejenga daraja." Mkadiriaji wa gharama alipofunga hesabu, orofa ya chini isiyo na mpangaji hata mmoja, isiyo na sinki wala mlango, ilikuwa imekula zaidi ya nusu ya gharama ya orofa yenye nyumba sita.

Chini ya jengo na mbele yake, tukibana, ziliingia nafasi nane. Zikiwa nafasi nane, basi nyumba nane, nne kila orofa, na mkopo usingetosha kuongeza orofa nyingine.

Na hapa ndipo sharti la sita lilipofanya kazi ambayo sidhani aliyeliandika aliikusudia. Linahesabu milango. Haliulizi nyuma ya mlango pana ukubwa gani wala anakaa nani. Mlango wa nyumba ya mita 34 unadai gari moja, na mlango wa nyumba ya mita 52 unadai gari moja vilevile. Mtu uliyemruhusu milango nane tu hawezi kuifanya midogo. Kwa hiyo tulifuta chumba kimoja kimoja, tukachora vyumba viwili vya kulala, sebule pana, roshani yenye vyuma vya maua. Hakuna aliyetuambia tujenge nyumba za watu wenye mishahara mikubwa. Tulifika huko wenyewe, kwa kufuata hesabu ya magari.

Hesabu iliyofunga

Nyumba 18 kwa 8,000 ni shilingi 144,000 kwa mwezi. Mkopo wa Sacco ulikuwa umepangwa juu ya nambari hiyo. Nyumba nane zikitakiwa kuleta 144,000, kila moja lazima itoze 18,000. Na nyumba mpya ya vyumba viwili mtaani pale, yenye roshani na geti, ilipata mpangaji wa 18,000 bila kutangazwa sana. Zile bimu zilizopandisha gharama zilifidiwa na majiko kumi na vyoo kumi ambavyo havikujengwa. Hesabu ikafunga. Mwalimu hakupoteza shilingi.

Watu wengi hukosea hapo wanapojadili jambo hili. Hudhani kanuni ya maegesho inamuumiza landilodi, kwa hiyo akilalamika wanasema ana tamaa, anataka kurundika watu. Landilodi hana shida. Atajenga kile kinachoruhusiwa na atatafuta mpangaji anayelingana nacho. Walioumia ni muuguzi, wasichana wa saluni, kondakta na mama wa mboga. Hakuna hata mmoja kati yao aliyeandikiwa barua, na hakuna aliyekuwepo sharti la sita lilipoandikwa. Hawakujua hata kwamba kuna kitu walichonyimwa. Waliona jengo likipanda, wakauliza kodi, wakaambiwa elfu kumi na nane, wakaondoka.

Nilikwenda na Mwalimu kumwona afisa aliyeshika faili. Simlaumu. Alitupokea vizuri, akatupa viti, akafungua mchoro mezani na kuusoma kwa makini kuliko wengi. "Mwalimu," alisema, "leo hana gari. Kesho akipata kazi nzuri atanunua Probox. Ataliegesha wapi? Barabarani. Halafu nyumba inashika moto na gari la zimamoto halipiti."

"Akipata kazi ya kununua gari, mwanangu," Mwalimu akamjibu, "atahama kwangu."

Wote wawili walicheka, lakini kila mmoja alikuwa amesema jambo zito. Hofu ya afisa ni ya kweli. Ukipita vichochoro vya Manyatta au Nyalenda utaona mahali ambapo hata gari la kunyonya maji taka haliingii, na mipira hulazimika kuvutwa nyuma ya nyumba za watu. Ila kinachoziba njia hizo si magari ya wapangaji. Ni njia zenyewe zilizoachwa nyembamba tangu ardhi ilipokatwa, na ua na vibanda vilivyosogea mbele mwaka baada ya mwaka. Zimamoto anahitaji barabara iliyo wazi. Mstatili mweupe ndani ya geti lililofungwa haumsaidii kufika. Barabara ya mbele ya ploti ya Mwalimu ni ya mita tisa, na ukitaka ibaki wazi, piga marufuku kuegesha juu yake na utoze faini anayevunja. Hilo linamgusa mwenye gari peke yake. Sharti la sita lilimgusa kila mpangaji, na zaidi yule asiye na gari.

Kisheria tulikuwa na mlango mmoja. Sheria ya upangaji wa ardhi na matumizi yake ya mwaka 2019 inampa asiyeridhika na uamuzi juu ya ombi lake siku 14 za kukata rufaa kwenye kamati ya kaunti iliyowekwa kwa kazi hiyo, na kamati nayo ina siku 14 za kuamua. Ukishindwa hapo unaweza kwenda Mahakama ya Mazingira na Ardhi. Hatukwenda popote. Siku ya tano Mwalimu alikuwa bado anatafuta wakili asiye ghali. Siku ya tisa Sacco ilipiga simu kuuliza mkopo utaanza kutumika lini. Siku ya kumi alitia saini mchoro wa nyumba nane, juu ya boneti ya teksi, nje ya ofisi yangu, kwa kalamu yake ya wino mwekundu ya kusahihishia.

Kosa moja ni langu. Nilichukulia sharti la maegesho kama mvua, kitu kinachokuja tu, wakati sheria inaruhusu kulijadili. Sikupeleka hata karatasi moja kuonyesha wapangaji wa kodi ile wanasafiri vipi.

Usiku, geti likiwa limefungwa

Wapangaji waliingia 2023. Mwaka uliofuata nilianza kupita usiku, saa nne na nusu, wakati kila aliye na gari amesharudi. Nilipita Jumatatu, Jumatano, Ijumaa na Jumapili. Askari wa geti alinizoea.

Nafasi ni nane. Magari yalikuwa matatu: Probox ya kijana anayesambaza vipuri vya simu, gari dogo la mwalimu wa sekondari, na la muuguzi mkuu wa zahanati moja. Ijumaa yalikuwa manne, mgeni alikuwa amelala. Nafasi tano zilizobaki zilikuwa na kamba za nguo, tangi la maji lililowekwa kwa muda likasahaulika, na michoro ya chaki ya mchezo wa kuruka. Kwa ngazi, hata hivyo, hapakupitika. Pikipiki nne zilikuwa zimefungwa kwa minyororo kwenye vyuma vya ngazi, moja juu ya nyingine, na nyumba ya orofa ya kwanza ilikuwa na ya tano ndani ya sebule, nyuma ya kochi, imewekewa kadibodi chini ili mafuta yasidondokee vigae. Mwenye pikipiki hiyo alinikaribisha niione. Sebule ilinuka petroli na uji wa mtoto kwa pamoja. Nikamuuliza kwa nini haiachi chini kwenye nafasi zilizo wazi. Akasema kila nafasi ina namba ya nyumba, na askari ameagizwa asiruhusu kitu chochote kwenye namba ya mwenzako. Namba yake yeye iko pembeni nje ya nguzo, pasipo na mahali pa kufungia mnyororo, na pikipiki isiyofungwa usiku haiamki nawe asubuhi.

Hili linanikera kuliko yote. Neno bodaboda limezaliwa kwenye mpaka wa Busia, saa chache tu kutoka hapa, kwa vijana waliovusha watu kwa baiskeli kutoka upande wa Kenya kwenda wa Uganda. Serikali ilipopunguza kodi za pikipiki ndogo kuelekea mwisho wa miaka ya 2000, baiskeli zikapisha pikipiki, na hapa Kisumu tuktuk zikajaa. Usafiri wa mji huu ni miguu, pikipiki, tuktuk na matatu. Jiji lenyewe lilikiri hivyo katika mpango wake wa usafiri endelevu wa 2020, uliotanguliza watembea kwa miguu, na mitaa ya katikati ya mji ikapewa njia pana za miguu kabla ya Africities, mkutano wa miji ya Afrika, wa Mei 2022. Njoo sasa kwenye mchoro wa jengo la kupangisha: gari limetengewa mita 25, pikipiki haijatajwa. Katika mita hizo 25 zinaingia pikipiki kumi na bado mtu anapita.

Mwalimu aliona nafasi tupu kama nilivyoziona mimi, akataka kuzungushia ukuta tatu na kupata bedsita mbili, nyumba za chumba kimoja. Haiwezekani. Maegesho ni sharti la kibali, na kuyageuza nyumba ni kuvunja kibali. Wapo wanaofanya hivyo. Utayaona majengo ambayo nafasi zake za magari zimekuwa duka la M-Pesa, kinyozi na bohari ya gesi, mabati yakiwa yamepigwa usiku wa kuamkia Jumapili. Mwalimu si mtu wa hivyo. Alichofanya ni kupunguza kodi hadi 17,000 na kutoza nafasi ya gari 1,000 pembeni. Wiki hiyo hiyo mwalimu wa sekondari alimuuzia ndugu yake gari. Alikuwa analitumia mara moja kwa wiki kwenda kanisani, akasema, na alipoona bei ya kulilaza, akagundua halimfai.

Jambo hili si geni duniani na halikuanzia kwetu. Columbus, katika jimbo la Ohio nchini Marekani, ilianza kudai maegesho kwa majengo ya kupangisha mwaka 1923. Oakland, California, ilichelewa hadi 1961, kisha ikadai nafasi moja kwa kila nyumba, na kwa kuwa sharti lilianza siku moja, watafiti waliweza kupima kabla na baada. Gharama ya kujenga nyumba moja ilipanda asilimia 18. Idadi ya nyumba kwa eneo lile lile la ardhi ilishuka asilimia 30. Wajenzi walikuwa wamefanya tulichokifanya Mamboleo miaka sitini baadaye, nyumba chache, kubwa, za bei ya juu. Profesa Donald Shoup wa Los Angeles, aliyefariki 2025, alitumia maisha yake ya kazi kueleza kwamba maegesho yanayoitwa ya bure hulipwa na kila mtu ndani ya kodi ya nyumba na bei ya bidhaa. Jiji la Mexico lilifuta kima cha chini cha maegesho mwaka 2017 na kuweka kima cha juu badala yake.

Lakini mfano ninaoupenda ni wa Japani. Tangu sheria yao ya 1962, kwa jumla anayetaka kusajili gari Tokyo huonyesha kwanza mahali atakapolilaza, umbali ambao siku hizi hautakiwi kuzidi kilomita 2 kutoka kwake. Mzigo uko kwa anayenunua gari. Sisi tumeuweka kwa anayejenga nyumba, naye akaupitisha kwa anayepanga, hata asiyejua kuendesha.

Ukilinganisha na jitihada nyingine za serikali, jambo hili linauma zaidi. Sheria ya Nyumba za Bei Nafuu ya 2024 inakata asilimia 1.5 ya mshahara wa mfanyakazi, na mwajiri anaongeza kiasi hicho hicho, ili zijengwe nyumba za watu wa chini na wa kati. Mwenye kipato kisichofika 20,000 kwa mwezi ana daraja lake maalumu katika sheria hiyo. Mama wa mboga wa Mamboleo ni wa daraja hilo. Mwalimu alikuwa tayari kumjengea bila senti ya serikali, kwa mkopo wake, na ndani ya ploti moja ya futi hamsini kwa mia zikafutwa nyumba kumi kwa mstari mmoja wa barua.

Namba mbili

Pale palipokuwa nyumba namba mbili kwenye mchoro wa kwanza, leo pana nafasi ya gari namba mbili. Ni ya familia isiyo na gari. Mama wa mboga alihamia Kiboswa, chumba cha 5,000. Nauli ya kuja Mamboleo na kurudi ni shilingi mia kwa siku, siku ishirini na sita, 2,600. Jumla 7,600. Nyumba aliyoiomba ilikuwa 8,000, yenye choo cha ndani, na asingekuwa anaamka saa kumi alfajiri kuwahi matatu akiwa na magunia. Jioni akifunga, askari humruhusu kuacha meza, viti vyake viwili vya plastiki na karai la omena kwenye namba mbili. Nilipima: vinachukua mita moja na nusu ya mraba.

Ndugu mdogo wa Mwalimu ana ploti Nyamasaria, futi hamsini kwa mia vilevile, na amenipa kazi. Nimechora nyumba 18. Mbele nimeweka nafasi nne za magari zitakazokodishwa kando na nyumba, atakayezitaka alipe. Karibu na geti kuna kibanda cha pikipiki 16 chenye paa, taa, na vyuma vya kufungia minyororo vilivyozamishwa kwenye zege. Kanisa la jirani limekubali kwa maandishi kukodisha uwanja wake usiku, kasoro Jumamosi, kwa gari litakalozidi. Safari hii sipeleki mchoro peke yake. Nimeambatisha hesabu ya usiku ya majengo matano ya mtaa ule yenye kodi kama hiyo, usiku nne kila moja, na hakuna hata moja ambamo magari yalifika nusu ya milango. Nimeambatisha pia mchoro wa jengo la Mamboleo, ule wa 18 na ule wa nane, umewekwa kando kwa kando.

Faili linaingia Jumatatu. Likirudi na sharti la nafasi moja kwa kila nyumba, siku 14 zinaanza kuhesabiwa, na barua ya rufaa tayari nimeiandika, imebaki tarehe. Mwalimu amesema mbele ya kamati atasimama yeye mwenyewe badala ya nduguye, na ameshazungumza na mama wa mboga waende pamoja. Mama ameuliza swali moja tu, kama chumba cha kamati kiko orofa ya chini.